Pampu ya Msimu wa Jando

Jumanne nilikaa benchi la nyuma katika mahakama ya mwanzo, Tarime mjini. Mwanamume mwenye mvi ndevuni alikuwa anamdai mzee mmoja bei ya pampu ya kutoa maji shimoni, aliyomkopesha enzi za kukimbilia dhahabu. Alisema ni miaka mitatu tu tangu amkopeshe. Mzee alisema deni limepita muda wa kisheria, ila hakuwa na karatasi. Kama angeshindwa, maksai wake wawili wa kulimia wangechukuliwa.

"Una swali kwa mdai?" hakimu aliuliza.

Mzee alivua kofia. "Mwanangu, siku ile ulikuwa umeshatahiriwa? Maana mimi sikopi kwa mvulana."

Watu walicheka. Mdai alitoa kifua mbele.

"Uliza ukoo wote, mzee. Nilikuwa nimetoka jandoni mwezi uleule. Pampu niliinunua kwa zawadi za jando langu."

Hakimu alimtazama ndevu. "Una watoto wangapi?"

"Sita, mheshimiwa. Wa kwanza ameoa."

Hakimu aliandika. Mzee alivaa kofia yake.

Huku kwetu mwanamume anaweza kudanganya kuhusu pampu, hata kuhusu dhahabu. Kuhusu jando hawezi, hata kwa thamani ya maksai wawili.