Kopo la Viluwiluwi

Kuna harufu moja ya maji ambayo hadi leo hunirudisha utotoni. Ni harufu ya maji ya dimbwi yaliyokaa siku kadhaa ndani ya chupa: udongo mbichi, majani yaliyoanza kuoza, na kitu chepesi kinachofanana na chuma kilicholowa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, tukiishi Temeke, enzi za Mwingereza. Baba yangu, Mpare aliyeshuka pwani kwa ajili ya kazi, alikuwa karani serikalini, na nyumba yetu ya udongo na paa la bati ilikuwa ya mwisho kabla ya majaruba ya mpunga. Mvua za masika zilipoanza, majaruba yale yalijaa maji, na ndani ya maji wakatokea samaki. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimetembea pale pale juu ya ardhi iliyopasuka kwa ukame. Watu walisema samaki wale huanguka na mvua. Mimi sikujali walikotoka. Niliwaona tu, wadogo kama kidole changu, dume ana mwili wa buluu na mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva, na nikawataka.

Niliwavua kwa kipande cha kanga kuukuu, madume wawili na jike mmoja wa kijivu. Mama Sakina, mke wa Mhindi mwenye duka pale kona, alinipa chupa kubwa ya peremende yenye mdomo mpana. "Ioshe vizuri, mwanangu, bado ina sukari," aliniambia. Niliijaza maji ya mvua, nikaweka mchanga na vijiti viwili vya majani ya majini, nikaisimamisha dirishani chumbani kwetu, mimi na mdogo wangu Eliasi. Eliasi alikuwa na miaka miwili. Alibandika pua yake kwenye kioo akapiga kelele kila dume alipotanua mapezi. Baba aliporudi kutoka kazini aliitazama chupa ile kwa muda mrefu, kofia ikiwa bado kichwani.

"Samaki sawa, Naetwe," alisema. "Lakini nikikuta mbu humu ndani, nitamwaga maji na samaki wake. Mimi ni karani wa serikali. Siwezi kusimama mbele ya hakimu kwa sababu ya mbu."

Hakuwa anatania. Kila Jumanne alipita Bwana Afya, mtu mrefu mwembamba aliyevaa kaptula ya kaki, mkononi kata ya bati na kioo kidogo cha kumulikia jua ndani ya mapipa. Aliinamia kila mtungi na kila kifuu cha nazi. Jirani yetu mmoja alikutwa na viluwiluwi vya mbu kwenye chungu kilichovunjika, akaitwa kortini. Tangu hapo, mtoto yeyote aliyeiona kaptula ile kwa mbali alikimbia kupiga mbiu nyumba kwa nyumba, na akina mama wakamwaga maji hata ya kupikia.

Sasa, samaki wangu walikataa wali. Walikataa mkate, na mkate ukachafua maji. Siku ya tatu jike alianza kulala ubavu. Nilikuwa karibu kulia nilipokwenda kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya duka na kuona viluwiluwi vya mbu vikicheza juu ya maji. Niliteka kidogo, nikamimina ndani ya chupa. Madume waliruka kama wamepigwa. Kufumba na kufumbua hakikubaki hata kimoja. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikienda mtaroni na kopo la maziwa, nikalijaza viluwiluwi, na kulificha nyuma ya kuni katika jiko la nje, limefunikwa jani la mgomba. Nilijua ninachokifanya. Mwalimu alikuwa ametuchorea mbu ubaoni, akatueleza kwamba ndiye anayeleta homa. Kila Jumanne nilihakikisha tangu alfajiri kwamba jani limelifunika vizuri. Bwana Afya alikuwa akipita hatua tatu tu kutoka kwenye zile kuni, nami nikimwamkia shikamoo.

Kisha ikaja wiki ya mvua isiyokatika. Mama alihamishia mapishi ndani, na mimi nikalisahau kopo, maana samaki walikuwa bado wameshiba. Nilipokumbuka na kwenda kufunua lile jani, maji yalikuwa matupu. Yalielea maganda tu, membamba, meupe, wazi mgongoni. Nilisimama pale mvua ikininyeshea, nikaelewa kwamba vyote vilikuwa vimeota mbawa na kuruka.

Siku tatu baadaye Eliasi alishikwa na homa. Asubuhi alikataa uji. Kufika mchana macho yake yaligeuka, mikono ikakakamaa, mwili ukaanza kutikisika. "Degedege!" Mama alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena. Alimfunga mgongoni, akakimbia naye kwenda zahanati bila viatu, Mama Sakina akimfuata nyuma na mwavuli. Nilibaki peke yangu na ile chupa. Samaki walikuja usoni mwangu, wakitazamia chakula. Niliwaona wazuri mno, nikawaogopa. Nilijua nimemuua mdogo wangu. Wakati wowote mtu angetokea mlangoni kuniambia kwamba amekufa, kisha wangenipeleka kortini, na Baba angesimama pale akiwa ameshika kofia yake.

Aliyetokea mlangoni alikuwa Bwana Afya. Ilikuwa Jumanne, nami nilikuwa nimesahau. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Labda haukuwa ujasiri. Labda woga ulikuwa umenijaa hadi ukamwagika. Nilikwenda nyuma ya kuni, nikaleta kopo, nikalinyoosha kwake kwa mikono miwili.

"Ni mimi," nilisema. "Nimefuga mbu. Wamemuuma Eliasi, anakufa. Usimfunge Baba."

Alichuchumaa. Hakulichukua kopo. "Uliwateka wapi?"

"Mtaroni, nyuma ya duka."

Alinishika mkono, tukaenda mtaroni. Aliteka maji kwa kata yake, akanionyesha. "Tazama hawa. Wananing'inia, kichwa chini. Hawa wanakera tu, wanatunyima usingizi. Wa homa hawakai hivi, wanalala juu ya maji kama kijiti, tena hawapendi maji machafu." Tukarudi nyumbani. Nyuma ya nyumba, upande wa majaruba asikokuwa akipita, kulikuwa na shimo ambalo Baba alichimba udongo wa kujengea chumba kipya. Lilikuwa limejaa maji ya mvua, safi, yanang'aa juani. Akateka tena. Ndani ya kata kulikuwa na vijiti vidogo vingi, vimelala.

Baba alirudi jioni moja kwa moja kutoka zahanati, akamkuta Bwana Afya bado anamsubiri. Nilimwona baba yangu akiambiwa habari ya lile shimo. Nilimwona akivua kofia, midomo ikimtetemeka kama ya mtoto. Alichukua jembe akiwa na nguo zake za ofisini, akaanza kulifukia lile shimo, na Bwana Afya akaweka kata yake chini akamsaidia kwa mikono. Kortini hatukuitwa.

Eliasi alirudi baada ya siku nane, amekonda, sikio moja halisikii tena. Samaki walipauka kadiri mvua zilivyopungua, wakafa mmoja mmoja, kama walivyokufa wenzao majarubani maji yalipokauka. Habari ya kopo sikumweleza Mama wala Baba, na Bwana Afya hakunisaliti.

Leo pale majarubani pamejaa nyumba na maduka, huoni hata unyasi. Ninaishi Boko kwa binti yangu, na mjukuu wangu Neema anafuga samaki kwenye tangi kubwa la kioo lenye taa na pampu ya umeme. Chakula chao kinanunuliwa kwenye pakiti. Nilidhani mtoto wa namna hiyo hana cha kuogopa. Juzi mchana umeme ulikatika, pampu ikanyamaza, nikamkuta amepiga magoti anachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena, haraka haraka, mashavu yamelowa machozi. "Bibi, watakosa hewa. Mama alisema nizime ile pasi, mimi sikuzima. Nimeharibu umeme." Nilikaa sakafuni pembeni yake, magoti yangu yakilalamika. Nilimwambia kwamba umeme umekatika Boko nzima, si yeye. Hakuniamini mara moja. Basi nikachukua kikombe cha pili, tukachota na kumimina pamoja, huku akinieleza yote aliyokuwa akiyaogopa.