Kuachilia kwa Niaba ya Mwingine

Mpaka leo nikipita karibu na lile ghala la mtaa wa viwanda, damu inanichemka. Mama wa watu alikaribia kufukuzwa kazi kwa kosa la mtu aliyesoma.

Mama huyo alikuwa mpimaji. Malori ya saruji kutoka bandarini yalipanda juu ya mzani wake, naye akasoma uzito kwenye kompyuta. Programu iliyounganisha mzani na kompyuta ilikuwa yetu: shefu wangu, bosi wa kazi, aliiandika, mimi naitunza. Ilikaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa dogo linaua kompyuta nzima.

Na kompyuta ilikuwa ikifa, mara mbili tatu kwa wiki, madereva wakipiga honi. Shefu akatoa hukumu bila kufungua kodi yake, yale maandishi ya programu: mama anachomoa hovyo kamba ya mzani kwenye kompyuta. Kweli alichomoa. Mji huu nani hachomoi? Umeme ukikatika, kompyuta inabaki kwenye betri yake, lakini kamba unachomoa, maana umeme ukirudi unarudi na nguvu za kuunguza. Mzani wa kwanza uliungua hivyo hivyo, na amri ya kuchomoa ilibandikwa ukutani na wenye ghala wenyewe!

"Shefu, haikufake kila mara," mama alimweleza, nami nipo. "Iko inakufa tu kama natoa kamba na kamyo iko juu ya mizani. Kama hakuna kamyo, apana, hakuna shida."

"Mama, we pima tu," shefu alimjibu akicheka. "Mambo ya ordinateri tuachie sisi."

Akaandika ripoti. Wenye ghala wakampa mama barua: mwisho wa mwezi, kwaheri.

Barua ile ilinikosesha raha, nikaifungua kodi mwenyewe. Kwenye kiini kuna sheria nyepesi. Kitu kimoja kinaweza kushikwa na wengi, na mashine inahesabu ni wangapi. Ukishika, ongeza moja. Ukimaliza, punguza moja, ile yako, si ya mwenzako. Hesabu ikifika sifuri, kitu kinafutwa. Lori likipimwa, mzani unashikwa mara tatu: na kamba, na skrini ya mama, na kazi ya kusoma uzito. Kamba ikichomolewa, inapunguza yake. Sawa. Lakini shefu alikuwa ameongeza mstari: kama kuna kazi ya kusoma uzito, ipunguzie na yenyewe papo hapo. Kisha kazi ile ikimaliza, inapunguza tena. Sifuri! Na skrini bado imeshikilia kitu kilichokwisha kufutwa. Ni kama jirani akurudishie kwa mwenyewe sufuria uliyoazima, na maharagwe yako bado yamo motoni. Nani alimtuma?

Bila lori hakuna kazi ya kusoma, na bila kazi hiyo mashine haifi. Mama alikuwa amelisema kosa lote, na hajui hata herufi moja ya kodi.

Nilimwonyesha shefu. Aliutazama mstari wake, akakohoa.

"Bon, ufute," alisema. "Lakini ripoti ilishaenda. Mi siwezi kujiaibisha mbele ya wateja."

Kujiaibisha! Nilifunga kompyuta yangu.

"Ripoti mpya kwanza, shefu. Bila hiyo sifuti kitu."

Alifoka, akanikumbusha nani ananilisha. Kesho yake umeme ukakatika lori likiwa juu, mashine ikafa tena, malori yakajipanga mpaka barabarani, wenye ghala wakampigia shefu simu bila kupumzika. Saa sita mchana aliandika kwamba kosa ni la programu. Jioni barua ya mama ikafutwa.

Habari nilimpelekea mwenyewe, kifua mbele, nikingoja shukrani. Mama aliendelea kupangusa vumbi la saruji kwenye skrini yake.

"Ile siku mi nilisema, na we ulikuwa hapa," aliniambia. "We ulisema nini?"

Nilikuwa nimecheka pamoja na shefu.