Simba wa Mwangangi Alala kwenye Friji

Kwa miaka arobaini Mwangangi alichonga simba, vifaru na twiga wa mbao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kula kitu. Ndiyo maana mteja wake mmoja, mama wa Kifini aliyekuwa akirudi kwao, alipomwachia mmea unaokula nzi, mzee alirudi nao nyumbani Kayole ameukumbatia kama mtoto mchanga. Majani yake yalikuwa na vinywa vyenye meno membamba. Nzi akitua ndani, kinywa kinafumba, basi.

"Sasa nimefuga simba wa kweli," alimwambia mkewe, Nthoki.

"Simba wa kunywa maji ya mvua," Nthoki alijibu. Maji ya kisima cha ploti yalikuwa na chumvi, yangemuua simba, na ni Nthoki aliyetumwa kukinga ndoo kwenye roshani.

Mwaka wa kwanza simba alinenepa. Wa pili, majani yakaanza kuwa meusi. Mwangangi akampigia yule mama simu.

"Amechoka," mama akasema. "Kwao kuna baridi kali, hulala miezi mitatu. Asipolala, atakufa."

Julai ilipofika, mzee akavaa sweta mbili na kuuweka mmea dirishani. Lakini baridi ya Kayole ni ya kulalamikia tu. Mchana jua likatoka, simba akakodoa macho. Mama akamwambia atumie friji: akate majani yaliyokufa, aoshe shina na mizizi, afunge kwa kitambaa chenye unyevu, atie kwenye mfuko, kisha akague kila wiki asije akaota ukungu. Na asimlishe chochote.

"Friji yangu?" Nthoki akauliza. "Kati ya nyanya na maziwa?"

"Analala tu, Mama Ndinda," mzee akamtuliza mkewe. "Hata hakoromi."

Wiki ya sita ya usingizi huo, Nthoki alikwenda mjini Wote kumwona dada yake, na jirani yao Everline akajitolea kumpikia mzee. Mwangangi alikuwa akipiga msasa sikio la kifaru aliposikia sauti kutoka jikoni.

"Mzee, hivi vitunguu vyenu vya kufungwa na kitambaa ni vya wapi? Mbona havina harufu?"

Msasa ukamponyoka. Alipofika jikoni, simba alikuwa juu ya ubao, amepasuliwa katikati, na mafuta yakichemka kando yake.

"Everline! Umemuua simba!"

"Simba gani?"

Alipoelezwa, Everline alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akauona uso wa mzee. "Pole, mzee wangu. Pole sana."

Mwangangi alibaki na vipande viwili kiganjani. Jioni alikula sahani mbili za nyama kwa huzuni, kisha akampigia simu yule mama wa Kifini.

"Kila kipande kina mizizi?" mama akauliza.

"Kina."

"Basi warudishe wote wawili wakalale."

Nthoki aliporudi alikuta mifuko miwili, na juu yake mumewe ameandika kwa herufi kubwa: SI KITUNGUU.

Oktoba wakapandwa kwenye makopo mawili ya udongo usio na mbolea. Wiki ya kwanza kimya. Kila asubuhi Everline aligonga mlango. "Ameamka?" Wiki ya tatu, ncha ya kijani ikachomoza kwenye kopo moja, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Siku tisa baadaye nyingine ikatokeza kwenye la pili, na Everline akapiga vigelegele ngazi nzima.

Huyo wa pili alipewa yeye, akampeleka kwenye meza yake ya kuuzia samaki wa kukaanga. Jumapili akaja kushtaki: nzi ni mia, na simba amekula mmoja.

"Mvumilie," Mwangangi akamwambia. "Ni mtoto bado."

Yeye mwenyewe alidhani wake anakula kwa bidii ya kuzaliwa, mpaka asubuhi moja alipotoka chumbani kimyakimya. Nthoki alikuwa ameinama dirishani na kibano chake cha nyusi, nzi kwenye ncha, akinong'ona, "Fungua mdomo, baba. Fungua kidogo tu."