Hodi Mgongoni mwa Dada

Dada yangu Eveline alifundisha wanafunzi wa udaktari, Mbeya, kumpima mgonjwa kwa mikono. Alipougua alirudi nyumbani Igowole, lakini kufundisha hakuacha. Aliegemeza simu kwenye Biblia ili wanafunzi watazame kwa video, akanilaza mkekani mimi Philbert, mdogo wake, fundi seremala, niwe mgonjwa. Nimeishia kidato cha nne, ila mbavu zangu zimesomesha chuo.

"Bandika kidole, kigonge kwa kingine," aliwaambia. "Penye hewa panalia kama dumu tupu. Penye maji ni bubu. Ila kwanza piga hodi. Huingii mwilini mwa mtu kama mgambo!"

Nyanda, kijana wa Usangu, alisahau hodi kila mara walipojaribu wao kwa wao huko chuoni. Alishafeli mtihani wa vitendo. Akifeli tena, anaondolewa chuoni.

"Nyanda, kwenu hata ng'ombe haitwi kabla ya kukamuliwa?"

"Anaitwa, Dokta, tena kwa jina." Wenzake wakacheka.

Somo la mwisho, Dada alisema leo kuna mgonjwa mwingine. Nyanda ataniongoza kwa maneno tu, mimi nigonge badala yake. Kisha Dada akateremsha khanga, akaipa simu mgongo. Ulikuwa umekonda, Mungu wangu.

Nyanda akaanza. "Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu."

Sauti waliijua. Hakuna aliyecheka.

"Dokta, ni wewe?"

"Mimi ni mgonjwa. Endelea."

Akaniongoza: chini ya bega la kulia, gonga. Palilia. Shuka vidole viwili. Palilia. Shuka tena. Hapo mwili wa dada yangu ukawa bubu kama gogo bichi. Mbao nimezigonga miaka kumi na tano. Kitu kilichoshiba maji nakijua.

"Maji," Nyanda alisema taratibu. "Kuanzia hapo hadi chini."

"Sawasawa," Dada akajibu, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa anajua siku nyingi. Aliutunza ugonjwa wake kama somo.

Tangu utoto nimehubiriwa kwamba mwili ni hekalu. Siku ile niligusa ukuta wake.

Bwana alimwita Julai. Wiki mbili baada ya mazishi, mlango uligongwa kwa kidole kimoja, mara mbili.

"Hodi, mjomba. Ni Nyanda. Nimefaulu."

Nilijifuta machozi kwanza. Mlango haukuwa na komeo, lakini hakuusukuma. Alisubiri hadi nilipoitikia.