Dereva wa Meya

Mama yangu hakuogopa theluji. Aliogopa kuwa mzigo, na kwa hofu hiyo alikaa kimya kwenye kiti cha dirishani, ghorofa ya tatu, akingoja nirudi kutoka kazini. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza wazee. Niliwaogesha wazee wa watu mchana kutwa, na wa kwangu akabaki na dirisha. Liliniuma jambo hilo, na bado linaniuma.

Kisha kanisa letu, la Wakongo na Wakenya wachache, likapata karakana tupu ya kukodi ng'ambo ya uwanja, mkabala na dirisha lile. Mji wetu ni mdogo, umebanana na mji jirani wa Fridley, na una karakana nyingi kuliko makanisa. Mama akaanza kwenda maombi ya Alhamisi peke yake, na fimbo yake, bila kuniomba lifti. Palikuwa mahali pa kwanza Marekani alipofika kwa miguu yake mwenyewe. Shida ni kwamba alikatiza uwanja ambapo malori ya jirani hugeuzia, na dereva anayerudi nyuma hamwoni mtu mfupi. Kila Alhamisi nilijificha chooni kazini nikampigia simu.

"Umefika, Mama?"

"Nimefika, mwanangu. Ulidhani nitapotelea wapi?"

Hatujakaa sana, afisa wa majengo akaja. Alikuwa mpole, na habari yake ilikuwa mbaya. Lile lilikuwa eneo la viwanda, akasema, na ibada ilihitaji kibali. Tungeweza kuendelea mpaka baraza la mji likutane mwanzoni mwa baridi, lipige kura kama tubaki au tuhame. Kuhama kulikuwa na maana ya jengo la mbali, na Mama kurudi kwenye kiti chake.

Mchungaji wetu, Mkongo aliyeziona serikali nyingi zikija na kwenda, hakutetereka. "Tutamwita bourgmestre," alisema, maana ndivyo wao wanavyomwita meya. "Akikula kwetu, mambo imeisha."

Basi tukamwandalia meya chakula cha mchana baada ya ibada. Mwenyekiti wa kamati ya wageni, Mkenya mwenzangu anayependa itifaki kuliko wokovu, alipanga meza kuu: kitambaa cheupe, maua, maji ya chupa, na viti vya wakubwa pekee. Meya alifika akiwa na tabasamu. Nyuma yake, kwa gari lingine, akaja mwanamke wa makamo, koti la mvua, viatu vya matope, funguo mkononi. Meza kuu ilikuwa imejaa.

"Huyo ni dereva wa meya," mwenyekiti akaninong'oneza. "Mpeleke kitchen apewe chakula."

Nyumbani Kenya wakati huo ndio tu tulikuwa tumepata magavana, na gavana hasogei bila msafara. Hakuna aliyeshangaa kwamba meya ana dereva. Mwanamke yule naye akanifuata. Nilimkalisha jikoni karibu na Mama, ambaye alikuwa akimenya vitunguu vya kachumbari, nikarudi kupeleka soda. Nilipochungulia baadaye, Mama alikuwa akimwonyesha kitu nje ya dirisha, huku mwenzake anatafuna chapati na kutikisa kichwa. Mama hajui Kiingereza. Nilidhani wanaongelea hali ya hewa.

Meya alisema amefurahi sana, tujione tuko nyumbani. Vigelegele vikapaa. Mchungaji akanifinyia jicho kwamba imekwisha.

Mimi sikutulia. Ni tabia yangu. Simu ikilia, kabla sijapokea nimeshazika mtu. Kazini, saa ya mapumziko, nikafungua tovuti ya mji na kuisoma katiba yake, maana mji ule, mdogo vile, una katiba. Nilitafuta mahali panaposema nani mkubwa. Sikupaona. Meya anaongoza vikao na kukata utepe, lakini kura yake ni moja, sawa na ya diwani yeyote. Ofisi ziko chini ya meneja ambaye baraza humwajiri, na linaweza kumwachisha. Wala meya wala diwani hawezi kumwamuru mfanyakazi wa mji. Akitaka kitu, apitie kwa meneja. Tulikuwa tumemlisha mtu mwenye kura moja kati ya tano.

Nikafungua picha za madiwani wanne waliobaki. Wa mwisho, diwani wa wadi yetu, alikuwa yule mwenye funguo.

Chakula changu sikukimaliza. Nilimpigia mwenyekiti, naye akasema tumpelekee leso nzuri na kikapu cha matunda.

"Kabla ya kura?" nikamuuliza. "Unataka waseme tumemhonga?"

"Sasa tufanye nini, sista?"

Nikampigia mchungaji. Yeye alicheka. "Ile ni karatasi tu, mama. Bourgmestre alishakula. C'est fini, imeisha." Nilitamani kumtupia simu. Asiyekujua hakuthamini, ndiyo, lakini sisi tulikuwa na picha ya diwani kwenye tovuti tangu mwanzo, hatukujisumbua kutazama. Usiku nilisikia fimbo ya Mama ikigonga sakafu akienda kunywa maji, nikawaza itakuwa inagonga humo humo ndani mpaka afe.

Jioni ya kikao tulijaza ukumbi. Nilimleta Mama kwa sababu alikataa kubaki. Majirani wawili walisimama kulalamikia magari yetu ya Jumapili, na kusema kweli tunaegesha vibaya. Diwani mmoja akasema eneo la viwanda libaki la viwanda. Mwingine akaafiki.

Mama akanivuta mkono. "Yule si rafiki yangu wa jikoni? Mbona amekaa na wakubwa?"

"Nyamaza, Mama."

Diwani wetu alikuwa ameomba nafasi kabla ya kura. Alisema alikula jikoni pale kanisani, na bibi mmoja, ambaye lugha yake haijui, alimwonyesha dirisha la nyumba yake, akapitisha kidole uwanjani hadi mlango wa kanisa, kisha akaigiza lori linalorudi nyuma. Alisema angepiga kura ya ndiyo kwa sharti moja: ibada isifanyike tena mpaka kuwe na njia ya miguu, yenye kizuizi upande wa malori.

Akamgeukia mwanamume mwenye miwani mwishoni mwa meza, ambaye hatukumsalimia tulipoingia. Ndiye alikuwa meneja. Hakumwamuru, alimuuliza kama inawezekana. Meneja akajibu inawezekana, lakini ardhi imeshaanza kuganda, na saruji haimwagwi hadi baridi iishe.

Walipiga kura. Watatu ndiyo, wawili hapana. Watu wakakumbatiana, mchungaji akaenda kumshika meya mkono, na mimi nikabaki nimekaa, maana nilikuwa nimeshaanza kuihesabu baridi yote iliyo mbele yetu, na miaka ya Mama.

Garini nilimweleza yote.

"Kwani wewe ulimwonyesha kwa nini?" nikamuuliza.

"Alikuwa mgeni, na hakuna aliyekuwa akiongea naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kisha akauliza, "Sasa kati yao wote, nani wa kuiambia ardhi iache kuganda?"

"Hakuna, Mama. Katiba haijampa mtu hiyo kazi."

"Basi tutangoja."

Akangoja. Kila Alhamisi ya baridi ile alivaa viatu vya kanisa akakaa dirishani navyo, na mimi nikaacha kupiga simu kutoka chooni, nikatamani ningekuwa na sababu ya kupiga.

Saruji ilimwagwa mwezi wa tano. Alhamisi ya kwanza niliomba ruhusa kazini ili nimsindikize, akakataa katakata. Akashuka na fimbo yake, akashika njia mpya polepole, na lori lilipokuja upande wa pili wa kizuizi aliliinulia fimbo kama anayemsalimu jirani. Hakugeuka kutazama juu. Kiti cha dirishani nilikuwa nimekikalia mimi.