Kivinjari Nilichokipima kwa Bando

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumapili, hapa Faza, nilipofungua ukurasa wa madaktari wa macho kwenye simu yangu na kuwatangazia watu wa nyumbani kwamba matibabu ya Amu ni Alhamisi. Haikuwa Alhamisi. Kosa ni langu, wala sitafuti wa kugawana naye.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Shule niliiacha mapema. Ninayoyajua nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na kuandika kila kitu. Mashine ikiletwa kwangu naipima: lita ngapi kutoka hapa hadi Amu, lita ngapi kurudi. Inayokula kidogo ndiyo nzuri. Kipimo hicho kimenilisha miaka ishirini.

Nami nikakipeleka pasipo pake! Nilitia vivinjari vinne, yaani programu za kufungulia mtandao, katika simu moja. Kwa wiki sita nilifungua kurasa zilezile tano kila asubuhi, nikaandika kila kimoja kimekula bando kiasi gani. Kimoja kilikula robo tu ya vingine. Nikakipa ushindi. Jina lake sitalitaja. Hakistahili hata kutukanwa kwa jina.

Kukitumia peke yangu hakukunitosha. Nilichukua simu ya mke wangu, nikafuta kivinjari alichokizoea, nikamwekea hicho changu.

"Kile changu kilikuwa na makosa gani?" aliniuliza.

"Kinakula sana."

"Hata wewe unakula sana. Mbona sikufuti?"

Sikucheka. Niliona anadharau kazi ya wiki sita.

Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka mzima alikuwa akinitambua kwa kikohozi changu. Madaktari hao huja Amu kwa nadra, hupasua bure, hukaa siku moja, huondoka. Jina la mama lilikuwa limeshaandikishwa. Kilichobaki ni kujua siku.

Jumapili hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, jirani yetu alibisha hodi. Ni mwalimu wa kike, mtu wa bara. Alikuja na simu mkononi.

"Mzee, hawa madaktari wameleta siku mbele. Ni Jumanne. Ona, wameandika jana."

"Mwalimu, kivinjari chako hicho kimejaa matangazo ya uongo. Leo kinakwambia Jumanne, kesho kitakwambia ni Idi."

"Si matangazo, mzee. Shika usome mwenyewe."

Sikuishika. Nilifungua tena ukurasa wangu mbele yake: Alhamisi. Nikamgeuzia kioo cha simu aone. "Hiki nimekipima wiki sita. Wewe chako umekipima lini?"

"Mimi hufungua tu, nikasoma," akasema, akaenda zake.

Mama alikuwa kitandani, amesikia yote. "Mwanangu, mwalimu asema Jumanne. Twende Jumanne. Tukikosea tutangoja kwa dadako hukohuko Amu."

"Mama, haya ni mambo ya kusoma."

"Ni mato yangu," akasema.

Nami nikamnyamazisha! Mamangu mzazi, mwenye macho yake, nikamwambia asinivuruge!

Alhamisi tulitoka na maji ya asubuhi, tukafika Amu saa mbili. Nilimshika mama mkono mpaka lango la hospitali. Uani palikuwa na mtu mmoja, anafagia.

"Madaktari wa macho?" askari wa langoni alinishangaa. "Walikuwa hapa juzi, bwana. Watu walijaa mpaka nje ya lango. Wameshaondoka."

Mama hakumsikia vizuri. Alinivuta mkono. "Mbele yetu kuna watu wangapi?"

"Hakuna hata mmoja, mama."

Akatabasamu. Alidhani tumewahi.

Nilikaa kwenye benchi nikaichimba ile simu. Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa na maneno haya: nakala iliyohifadhiwa. Nakala ya siku kumi na moja nyuma! Mtandao wetu unapolegea, kivinjari hicho hakiendi kuuliza; kinakupa ukurasa wa zamani na kunyamaza. Ndiyo maana kilikuwa hakili bando. Mashine iliyozimwa nayo haili mafuta! Ningeletewa boti ya namna hiyo ningemfukuza mwenye nayo karakanani. Waliokitengeneza wamezificha herufi hizo makusudi, na mimi, mpimaji wa kila kitu, sikuteremka kuzisoma.

Kumwambia mama ukweli kulinichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Hakunilaumu. Aliomba maji ya kunywa.

Mke wangu aliuza bangili yake ya dhahabu, tukampeleka Mombasa, hospitali ya kulipia. Fedha zilitosha jicho moja. La kulia linaona. La kushoto bado ni ukungu, na sijui lini litapata zamu yake.

Mwalimu nilimfuata mlangoni kwake nikamwomba radhi. "Sawa, mzee," akajibu, akafunga mlango. Ana haki.

Enyi mnaochagua kivinjari cha kutumia kila siku, msianze kwa kuuliza kinakula kiasi gani. Ulizeni ukurasa kinaowaonyesha ni wa lini. Wekeni viwili, na jambo la tarehe, la hospitali, la mtihani, lifungueni kwa vyote viwili. Simu ya mkeo usiiguse! Na jirani akikunyooshea simu yake usome, ishike, usome.

Mnaotaka hesabu ni hii. Boti ya Alhamisi, watu wawili, kwenda na kurudi: shilingi 1,600. Safari ya Mombasa na chakula: 9,450. Upasuaji wa jicho moja: 38,000. Jumla, shilingi 49,050.