Bundi wa Cucu

Bundi alianguka kwenye sukuma wiki yangu Jumamosi asubuhi, bawa limevunjika, amenitolea macho kana kwamba ni mimi niliyemwangusha. Ningemtoa hapo kimyakimya. Lakini Cucu, mama mkwe wangu, alikuwa ameshatoka nje na kikombe chake cha chai.

"Haiya!" akasema. "Imekuja kunichukua."

Kwetu Murera kila mtu anajua: bundi akija bomani, kuna mtu atakufa. Ndiyo maana hurushiwa kijinga cha moto aende akalie kwingine. Na Cucu alikuwa apasuliwe uvimbe wa tumbo Alhamisi. Tulikuwa tumembembeleza wee, hadi kanisa likaingilia, ndipo akakubali.

"Basi tumfukuze," nikasema.

"Iende wapi na haiwezi kuruka? Sikia, mami. Hii ndege ikifia hapa, mimi naifuata. Ikipona, nitapona. Bila hivyo, hospitali siendi."

Jamani! Ule uvimbe haungoji mtu, daktari alishasema, na sasa maisha ya mama mkwe wangu yalitegemea ndege asiyeliwa wala kufugwa. Nikampigia mume wangu, aliyekuwa kazini Ruiru. "Fanya tu vile anataka," akasema. Rahisi kusema ukiwa Ruiru!

Nikaenda agroveti, kwenye dawa za mifugo. Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta. "Madam, mimi ni wa ng'ombe na kuku." Akaniuzia bandeji. Nikamfunga bundi bawa na kumtia kwenye boksi, akanirarua kidole. Nikamkatia ini, ini ambalo watoto wangu huliona Krismasi, akaligeuzia kisogo. Cucu, kitini kando ya boksi, akatoa amri: "Inataka panya." Basi mimi, mwanamke mzima, kiongozi wa kwaya ya akina mama, nikaanza kutega panya kwenye stoo ya mahindi.

Panya aliwakubali, mlafi yule. Jumatano akasimama kwa miguu yake, na Cucu akafunga begi lake akiimba.

Alhamisi mume wangu alimpeleka hospitali Thika mapema. Walipoondoka nikamaliza kazi za asubuhi, kisha nikafungua boksi. Bundi alikuwa amelala chali, baridi, miguu juu.

"Ngai!" Simu ikalia nikiwa bado nimemshika.

"Mama amekataa kuingia kupasuliwa," mume wangu akasema. "Anataka kuongea na wewe."

Kisha sauti ya Cucu, ndogo kuliko nilivyoizoea: "Mami, iko aje?"

Nilimchukia yule ndege. Panya wote wale, na akashindwa kungoja asubuhi moja tu!

"Imeruka, Cucu. Saa hii tu. Iko juu ya mparachichi, inaniangalia vibaya."

Akacheka. Akaingia.

Nilimzika bundi kwenye sukuma nikilia kwa hasira na woga, na sikuketi mpaka simu ilipolia tena: ametoka, ameamka, anaitisha uji.

Aliporudi nyumbani alizunguka shamba polepole, mkono tumboni, akasimama kwenye sukuma.

"Nani amechimba hapa?"

"Mbwa, Cucu."

Hatuna mbwa. Hatujawahi kuwa na mbwa.

Akautazama ule udongo, kisha akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Huyo mbwa akirudi, mpe ile ini."